Kufungwa Hoover si mwisho wa msimu

Je, timu ikitolewa kwenye mashindano ya besiboli ya SEC (ligi ya vyuo vikuu vya kusini-mashariki mwa Marekani) kule Hoover, Alabama, msimu wake umeisha? Hapana. Bingwa wa pale anapata tiketi ya moja kwa moja ya NCAA, yaani mashindano ya taifa ya vyuo, lakini timu 64 zinazoingia huko si mabingwa wa ligi tu. Nyingine huchaguliwa na kamati kwa matokeo ya msimu mzima. Mfano ninaoupenda sana ni Ole Miss (Chuo Kikuu cha Mississippi) ya 2022: walitolewa Hoover katika mechi yao ya kwanza, wakaingia 64 bora kwa tundu la sindano, kisha mwezi uliofuata wakabeba ubingwa wa taifa kule Omaha, fainali zinakochezwa! Mississippi State nao 2021 walifungwa mechi zote mbili Hoover, wakatwaa kombe la taifa. Vanderbilt kinyume chake: mabingwa wa Hoover 2025, wakatolewa hatua ya kwanza ya NCAA wakiwa nyumbani.

Sababu moja ya matokeo ya Hoover kutosema yote ni warushaji, wale wanaomrushia mpigaji mpira. Mkono wa mrushaji unahitaji siku kadhaa za kupumzika, kwa hiyo kocha mwenye uhakika wa nafasi ya NCAA mara nyingi hamchoshi mrushaji wake bora Hoover.