Viatu vyeupe vya stesheni

Wiki hii mmetuuliza: "Ukirudi kutoka safarini, picha ipi unaitoa kwanza kuwaonyesha watu wa nyumbani?" Mke wangu angeweza kujibu badala yangu, maana amechoka kuziona. Nasema kuziona kwa sababu ni saba, na katika zote saba viatu ni vilevile.

Mimi ni mpiga picha hapa Lubumbashi, studio ndogo ya Kamalondo: harusi, komunyo ya kwanza, picha za pasipoti. Mwaka 2018 nilifunga mlango wiki tatu nikaenda Dar es Salaam kwa njia ya chini. Basi hadi Kasumbalesa mpakani, magari ya kuungaunga ndani ya Zambia hadi Kapiri Mposhi, halafu treni ya TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia. Treni hiyo niliitamani tangu utoto. Marehemu baba alikuwa mtu wa reli, na kila alipokunywa mbili tatu alitusimulia jinsi Wachina walivyosaidia kujenga kilomita 1,860 kati ya 1970 na 1975, ili shaba ya Zambia ifike baharini bila kupita Rhodesia, Zimbabwe ya leo. Kilichomfurahisha zaidi ni kipimo. Reli ile ina upana wa milimita 1,067, sawasawa na yetu ya Katanga, wakati ile ya zamani ya Watanzania, inayotoka Dar kwenda Kigoma, ni ya mita moja tu. "Behewa la hapa linaweza kwenda kulala Dar," alisema, kana kwamba yeye ndiye aliyepanga.

Nilibeba kamera na lenzi mbili, na kichwani nilibeba wazo moja kubwa: nyuso. Nilitaka nyuso za karibu kabisa, makunyanzi, macho, jasho, kama ninavyoziona kwa wapiga picha wanaozunguka Afrika na begi mgongoni. Sisi wa studio tunadharauliwa kidogo, niseme kweli. Nilitaka ijulikane kwamba ninaweza kitu zaidi ya bibi harusi na keki.

Ya mpakani nayapita haraka. Nilifutishwa picha kadhaa kwa sababu daraja lilionekana nyuma, na kosa lilikuwa langu: mtu aliyekulia Kongo anajua kwamba madaraja, viwanja vya ndege na askari havipigwi.

Ukiacha Makambako, reli inaanza kushuka milimani kuelekea bonde la Kilombero, daraja baada ya daraja, handaki baada ya handaki. Huko, kwenye stesheni moja ndogo, tukaambiwa mvua imeshusha udongo njiani mbele yetu. Tulikaa kutwa. Watoto wakashuka kucheza, wanaume wakatafuta kivuli, na akina mama wa kijijini wakaja na ndizi, mahindi ya kuchoma na chai kwenye chupa.

Nikamwendea mama mmoja wa ndizi, nikamsalimu, nikasema kwa Kiswahili chetu: "Mama, niko naomba foto moja."

Akacheka. "Wewe Mkongo, eti? Haya, piga."

Nilisogea hadi uso ukajaa kioo chote. Mwanga ulikuwa mzuri, mawingu yameulainisha. Nikamwonyesha nikiwa najisifu moyoni. Aliitazama kwa muda, akairudisha kamera.

"Mwanangu, miguu yangu umeiweka wapi?"

Niliona aibu ya mtu wa kazi. Kamalondo, mteja akikuta umemkata miguu halipi, na ana haki. Amevaa, amepiga viatu rangi, amesimama. Anataka aonekane mzima, aliyefika mahali fulani kwa miguu yake. Hilo nalijua miaka yote, lakini nilipovuka mpaka nikajifanya silijui. Nikamkumbuka Seydou Keïta wa Bamako, aliyefungua studio yake mwaka 1948: pazia lake la kwanza lilikuwa shuka la kitandani mwake, na mteja asiye na saa au redio aliazimwa asimame navyo. Leo picha hizo zinaning'inia kwenye majumba ya makumbusho ya ng'ambo, lakini zilipigwa ziende kwa shangazi na kwa mchumba.

Basi nikatoa kitenge begini, nikakifunga kwenye vyuma vya dirisha la behewa kikaning'inia hadi chini. Mama akajipanga, kisha akajitazama: ndala, moja imeshonwa kwa waya. Akasita. Hapo ndipo dada mmoja wa daraja la pili, aliyepandia Mbeya akienda harusini Dar, alipotoa mkono dirishani. Mkononi viatu vyeupe vya kisigino kifupi, vipya, karatasi bado imo ndani.

"Avae, lakini asikanyage tope."

Tukatandika gunia. Mama wa ndizi akavaa, akanyoosha shingo, akakataa kutabasamu. Nikarudi nyuma hatua sita, nikapiga kuanzia kilemba hadi kisigino. Kabla hajavua, foleni ilishaanza. Pamoja naye walipita wanawake saba. Mmoja viatu vilimbana akasimama hivyohivyo kwa ukaidi, mwingine vilimpwaya tukajaza karatasi. Giza lilipoingia njia ikafunguliwa.

Kesho yake abiria walijaa madirishani kuwapiga picha twiga wa mbuga ya Selous. Na mimi nilipiga. Twiga wangu ni madoa.

Kariakoo nilisafisha picha zote saba, nakala mbilimbili, nikaziweka kwenye bahasha yenye jina la stesheni na namba yangu, nikamkabidhi mhudumu mmoja wa treni aliyekuwa anarudi juu. Sikutegemea sana.

Ilipita kama miezi minne. Siku moja niko studio nampanga mtoto wa komunyo, simu ikalia, namba ya Tanzania. Alikuwa mama wa ndizi. Zimefika, yake ameitundika sebuleni, jirani anasema amekonda, si kweli. Akaniuliza hali ya nyumbani, akanisalimia mke wangu asiyemjua. Halafu akasema:

"Mkongo, na yule binti mwenye viatu, picha yake iko wapi? Bahasha nzima nimepekua, simwoni."

Nilienda kwenye kompyuta nikapekua na mimi, faili moja moja, tangu Makambako hadi Dar. Upo mkono wake tu, kwenye picha ya tatu, ukingoni, umeshika dirisha.