Muulizeni Ezana wa Aksum

Ndugu Mhariri, swali lenu la wiki linauliza: "Ukristo uliingiaje Afrika, na nani aliyeufungulia mlango?" Mimi nawajibu kwa kutaja mtu mmoja na mji mmoja: Mfalme Ezana wa Aksum. Mji wenyewe upo mpaka leo, kaskazini mwa Ethiopia, katika nyanda za juu za Tigray. Ezana aliipokea imani hiyo katikati ya karne ya 4, wakati watu wengi wa Ulaya wakiwa bado wanaabudu miungu ya mababu zao.

Nafundisha historia sekondari, na napokea wanafunzi ambao tayari wameshaamini kwamba habari hii inaanza siku mmisionari Johann Krapf aliposhuka Mombasa mwaka 1844. Kumbe Krapf huyo huyo alitangulia Ethiopia. Mwaka 1838 alifukuzwa Adwa, mji jirani kabisa na Aksum. Akaenda Shoa, ufalme wa kusini zaidi nchini humo, akakaa miaka michache, na huko nako alipotoka akazuiwa kurudi. Ndipo akaigeukia pwani yetu. Waliomfungia mlango walikuwa Wakristo wenzake, wenye makasisi wao na monasteri zao, na kanisa lao lilikuwa na umri wa karibu miaka 1,500. Jambo hili linaniuma kila ninapofungua kitabu cha kiada na kulikosa.

Kweli, Aksum haikuwa ya kwanza barani. Alexandria na Carthage zilikuwa na maaskofu kabla Ezana hajazaliwa. Lakini miji hiyo ilitawaliwa na Roma, na Aksum haikutawaliwa na mtu. Ilikuwa na bandari yake, Adulis, kwenye Bahari ya Shamu, ambako pembe za ndovu kutoka bara zilipakiwa kwenda Misri na kwingineko. Baharia mmoja wa karne ya 1 aliyeandika kwa Kigiriki habari za masoko ya bahari hiyo, ndiye huyo huyo aliyeutaja mji wa Rhapta wa pwani yetu, anasema mtawala wa upande ule, Zoskales, alikuwa mtu mgumu kwa mali yake na alijua Kigiriki vizuri. Karne ya 3, Mani wa Uajemi, mwanzilishi wa dini, alipozihesabu falme kuu nne za dunia, Aksum ilikuwamo pamoja na Roma na Uajemi.

Imani iliingia kwa njia ambayo hakuna aliyeipanga. Mwanahistoria Rufinus, aliyeipata habari hii kwa mmoja wa wahusika, anaeleza kwamba meli iliyokuwa ikitoka safari ya mbali ilitia nanga katika Bahari ya Shamu kutafuta maji na chakula. Watu wa pale wakaivamia na kuwaua waliokuwamo. Wakasalia vijana wawili ndugu, wenyeji wa Tiro, Frumentius na Aedesius, waliokutwa chini ya mti wakijisomea. Wakapelekwa kwa mfalme. Aedesius akawa mnyweshaji wake, Frumentius akakabidhiwa hazina na barua. Mfalme alipofariki na kuacha mtoto mdogo, ambaye wengi wanaamini ndiye Ezana, malkia aliwasihi wabaki wamsaidie mpaka mtoto akue. Frumentius akautumia muda huo kuwakusanya wafanyabiashara Wakristo waliokuwa wakipita mjini na kuwapatia mahali pa kusali. Baadaye akaenda Alexandria kumwomba Patriaki Athanasius awapelekee askofu, naye Athanasius akaona hakuna afaaye kuliko Frumentius mwenyewe. Akarudi Aksum akiwa askofu.

Sasa tazameni Ezana alivyofanya, maana hapa pana ushahidi wa kushika mkononi. Aksum ilikuwa ikipiga sarafu zake yenyewe, za dhahabu, fedha na shaba, tangu mwishoni mwa karne ya 3. Sarafu ya dhahabu ni ndogo, inakaribia ukucha wa kidole gumba. Katikati yumo mfalme ametazama kulia, upande mmoja amevaa taji, upande wa pili kitambaa cha kichwa, na mashuke mawili ya nafaka yamemzunguka, moja kulia na moja kushoto. Juu ya kichwa chake palikuwa na duara na mwezi mwandamo, alama za dini ya kale. Katika sarafu za Ezana za baadaye, duara na mwezi vimeondoka na msalaba umekaa mahali pake. Ni kati ya sarafu za mwanzo kabisa duniani kubeba msalaba. Haikupita muda mrefu zikatoka sarafu za shaba zenye msalaba na maneno haya ya Kigiriki: "Hili na liipendeze nchi." Kila nikiyasoma maneno hayo namwona mtawala anayejua kwamba dini mpya lazima ikubaliwe na watu.

Mawe yake yanasema hivyo hivyo. Katika maandishi ya mwanzo, yaliyochongwa kwa Ge'ez, lugha ya kale ya nchi hiyo, na kwa Kigiriki, Ezana anajiita mwana wa Mahrem, mungu wa vita, asiyeshindwa. Katika yale ya baadaye, anapoeleza vita vyake dhidi ya Wanoba, watu wa bonde la Nile, ushindi anaupa Bwana wa Mbingu. Katika Ge'ez anaishia hapo, kwa jina ambalo hata asiyebatizwa angeweza kulipokea. Katika Kigiriki, lugha iliyosomwa na wageni, anamtaja waziwazi Baba, Mwana na Roho Mtakatifu. Mimi naona hapo hekima ya mtu anayewavusha raia wake taratibu.

Wala hakuwa wa kuburutwa. Karibu na mwaka 356 Kaisari Constantius II wa Roma, aliyefuata mafundisho ya Arius ya kukana kwamba Mwana yu sawa na Baba, na aliyekuwa amemwondoa Athanasius madarakani, aliwaandikia Ezana na nduguye Sazana akitaka Frumentius arudishwe Misri akahojiwe na askofu mpya. Barua hiyo ipo, Athanasius mwenyewe aliinakili. Hakuna kumbukumbu kwamba Aksum ilitii. Frumentius anaheshimiwa Ethiopia hadi leo kwa jina la Abba Salama, baba wa amani.

Wa pili wa kukumbukwa ni Kaleb, mfalme wa Aksum baada yake. Karibu na mwaka 525 alivuka bahari na jeshi kwenda Yemen, baada ya mfalme wa Himyar kuwaua Wakristo wa Najran. Masimulizi ya kanisa yanasema alimaliza maisha yake akiwa mtawa, na taji lake akalipeleka Yerusalemu. Abraha, anayetajwa katika tafsiri za Sura ya Tembo, alitokana na jeshi hilo la Uhabeshi.

Wasomaji Waislamu hawahitaji kuambiwa habari za Najashi, ila wengine pengine hawajui kwamba alikuwa mfalme wa ufalme huu huu. Karibu na mwaka 615 wafuasi wa Mtume walioteswa Makka walikimbilia kwake. Wakuu wa Makka wakatuma wajumbe wenye zawadi ili wakabidhiwe. Najashi akataka kwanza kuwasikiliza wakimbizi, na Jaafar bin Abi Talib akamsomea aya za Sura Maryam. Masimulizi ya Kiislamu yanasema mfalme alilia mpaka ndevu zikalowa, kisha akazirudisha zawadi. Alipofariki, Mtume alimsalia Madina sala ya ghaibu, yaani ya maiti aliye mbali. Ningependa kila mtoto, wa kanisani na wa madrasa, ajue kisa hiki kabla hajafika darasa la saba.

Baadaye biashara ya Bahari ya Shamu iliitoka Aksum mikononi, na utawala ukasogea kusini. Mji haukufa. Wafalme waliendelea kurudi kutawazwa hapo, kama Zara Yaqob mwaka 1436, na waumini wanaamini Sanduku la Agano limehifadhiwa kando ya kanisa la Maryam Tsion. Nguzo za mawe bado zimesimama. Moja, ya mita 24, ilichukuliwa na Waitalia mwaka 1937 ikasimamishwa Roma. Ilirudishwa mwaka 2005 kwa ndege, ikiwa vipande vitatu, ikasimamishwa tena mwaka 2008. Mwishoni mwa Novemba 2020, katika vita vya Tigray, raia wengi waliuawa katika mji huu, na dunia iliwalilia kidogo mno.

Najua atatokea wa kuniambia kwamba Frumentius alikuwa mgeni, na kwamba tangu wakati wake kanisa hilo lilipokea askofu mkuu kutoka Misri mpaka katikati ya karne ya 20, Abuna Basilios alipokuwa askofu mkuu wa kwanza Mhabeshi mwaka 1951, kisha patriaki wa kwanza mwaka 1959. Ni kweli. Lakini Misri nayo ni Afrika, na askofu huyo mara nyingi alifika bila kujua lugha ya waumini wake. Maandiko yalikuwa yameshatafsiriwa kwa Ge'ez, pamoja na kitabu cha Henoko ambacho leo kinapatikana kizima katika lugha hiyo tu. Nyimbo zilikuwa zile ambazo mapokeo yanasema zilitungwa na Yared wa Aksum katika karne ya 6. Waliozifundisha, kizazi baada ya kizazi, walikuwa watawa na waalimu wa nchi ile ile.