Herufi Nyeupe na Makontena ya Milimita: Kuchapa Dikali na Mizigo ya Treni za Modeli kwa Word na Excel

SWALI: Ndugu mtaalamu, salamu kutoka Mombasa. Nina treni ya modeli ya kipimo cha HO, yenye mabehewa bapa ya makontena na mabehewa ya wazi ya rangi ya hudhurungi, na ningependa ifanane na treni za mizigo za SGR. Sina programu ya usanifu wa michoro. Kazini natumia Word na Excel, na nyumbani nina printa ya wino. Nilipochapa herufi nyeupe kwenye karatasi ya dikali isiyo na rangi (ile yenye utando mwembamba unaochapwa, ukaloweshwa na kuhamishiwa juu ya modeli), hakikutokea kitu, na makontena niliyoyachora yalitoka madogo kuliko vipimo nilivyoviweka. Je, ninunue programu nyingine?

JIBU: Usinunue chochote kwanza, ndugu yangu. Word na Excel zinatosha kabisa kwa kazi hii, mradi kila umbo ulipe ukubwa wake kwa milimita na uizuie printa isiubadilishe. Matatizo yako yote mawili hayatokani na programu: la herufi limetokana na karatasi uliyochagua, na la makontena limetokana na dirisha la kuchapa.

Tuanze na vipimo. HO ni moja kwa 87, yaani modeli ni ndogo mara 87 kuliko kitu halisi, na umechagua vizuri, kwa sababu reli ya SGR yenye upana wa milimita 1,435 ukiigawa kwa 87 unapata 16.5, ambao ndio upana wa reli za HO zinazouzwa madukani. (Anayetaka kuiga reli ya zamani ya mita moja hulazimika kutafuta reli za milimita 12, ambazo ni adimu na ghali zaidi.) Fungua Excel, andika vipimo halisi kwa milimita katika safu ya kwanza, na katika safu ya pili vigawe kwa 87. Kontena la futi 20 lina urefu wa milimita 6,058, upana wa 2,438 na kimo cha 2,591. Katika HO hiyo ni 69.6, 28.0 na 29.8. Lile la futi 40 lina urefu wa milimita 12,192, yaani 140.1. Ukishahamia Word, chora mstatili wowote, kisha ingia kwenye mpangilio wa umbo na uandike tarakimu hizo wewe mwenyewe. Usivute pembe za umbo kwa kipanya, kwani jicho halioni nusu milimita kwenye skrini, ilhali mkono utaihisi wakati wa kukunja.

Ukimaliza kuchora, hifadhi kazi yako kama PDF na uichape kwa ukubwa halisi, asilimia 100. Programu nyingi za kufungua PDF huja zikiwa zimewekwa kuutosheleza ukurasa kwenye karatasi, na hapo ndipo makontena yako yalipopungua. Mimi huchora mstari wa milimita 100 kwenye kona ya kila ukurasa na kuupima kwa rula kabla ya kukata chochote. Ukiwa na milimita 97, ukurasa mzima umepunguzwa kwa kiasi hicho hicho. Jaribio hilo lifanyie kwenye karatasi ya kawaida, kwa sababu karatasi ya dikali si ya kuchezea.

Sasa herufi nyeupe. Printa ya nyumbani haina wino mweupe, kwa hiyo ukichagua rangi nyeupe katika Word unaiambia printa isiweke wino mahali hapo. Juu ya karatasi ya ofisi unaona weupe wa karatasi yenyewe, lakini juu ya dikali isiyo na rangi huoni kitu. Dawa yake ni kununua karatasi ya dikali ambayo utando wake ni mweupe, kuchora mstatili wenye rangi ileile ya behewa, na kuziacha herufi ndani yake zikiwa nyeupe. Ugumu uko katika kulinganisha ile hudhurungi. Chapa vipande vidogo vyenye vivuli kadhaa vya rangi hiyo, viweke kando ya behewa mchana karibu na dirisha, uchague kinachopotea machoni kuliko vingine. Kata dikali kwa kufuata mshono au ukingo wa bati la behewa, si katikati ya uso mtupu, ili tofauti ndogo ya rangi ionekane kama kiraka kilichopakwa upya, jambo la kawaida kabisa kwa mabehewa ya mizigo. Herufi nyeusi au za rangi nzito zinazokwenda juu ya behewa la rangi nyepesi ndizo zinazofaa kwa ile karatasi uliyonayo.

Ukubwa wa herufi pia hukokotolewa. Pointi moja ni milimita 0.353, na herufi kubwa ya Arial hufikia takribani asilimia 72 ya ukubwa wa fonti. Namba za makontena, ambazo kwa kanuni hazipungui milimita 100 za kimo, huwa milimita 1.15 katika HO, nazo hupatikana kwa pointi 4.5. Maandishi ya uzito, yenye kimo cha milimita 50, yangehitaji pointi 2.3, na kwa ukubwa huo wino husambaa na kuziba matundu ya herufi. Weka vistari vyembamba mahali pake.

Wino wa printa yako huyeyuka kwenye maji, basi ukishachapa acha dikali ikauke usiku kucha, na kwa unyevu wa Mombasa hata zaidi, kisha pulizia vanishi isiyo na rangi mara mbili au tatu, kila tabaka jepesi na lililokauka. Tabaka moja zito huufanya wino utambae. Baada ya hapo kata, lowesha kwenye maji ya uvuguvugu, subiri utando uanze kuteleza, na uusogeze juu ya uso uliopakwa rangi ya kung'aa. Uso usiong'aa huficha viputo vya hewa chini ya utando, na vikikauka huonekana kama ukungu.

Makontena hayahitaji dikali, bali manila. Chora pande zote zikiwa zimeungana: paa katikati, pande mbili ndefu kandokando, na pande fupi mwishoni. Bila sakafu, makontena matatu ya futi 20 yanaenea kwenye A4 iliyolazwa. Mawimbi ya bati yanakaribia sentimita 28 kutoka moja hadi jingine, yaani milimita 3.2 katika HO. Chora wimbi moja kwa vipande vitatu, chenye mwanga, cha rangi ya kontena na chenye kivuli, vifunge pamoja na uvinakili hadi mwisho wa ukuta. Manila hiyo ikunje juu ya kipande cha mbao, nacho kipunguze nusu milimita kila upande ili unene wa manila usilizidishe kontena, na mikunjo ipitishie kalamu ya rangi ileile, la sivyo weupe wa karatasi utatokea kila pembe.

Kwenye namba za makontena ndipo programu za ofisi zinapozishinda nyingi za michoro. Kontena halisi lina herufi nne, tarakimu sita na tarakimu moja ya uhakiki, ambayo hukokotolewa kutokana na hizo nyingine ili kugundua makosa ya kuandika, na hakuna makontena mawili yenye namba moja. Excel itakukokotolea: A ni 10, B ni 12, na kuendelea, zikirukwa 11, 22 na 33, alama ya kwanza zidisha kwa 1, ya pili kwa 2, ya tatu kwa 4, hadi ya kumi kwa 512, jumlisha, gawa kwa 11, na masalio ndiyo tarakimu ya uhakiki, ila 10 huandikwa 0. Kwa CSQU305438 jumla ni 6,185 na masalio ni 3. Orodha hiyo iunganishe na Word kwa kipengele kilekile mnachotumia ofisini kutuma barua moja kwa watu wengi, na kila kontena litatoka na namba yake. Kati ya kontena na kontena kwenye ukurasa mmoja weka amri ya rekodi inayofuata, vinginevyo namba itajirudia.

Jambo la mwisho ni uzito. Chama cha National Model Railroad Association cha Marekani hupendekeza gramu 28 kwa behewa la HO, na gramu 14 zaidi kwa kila inchi ya urefu wake, kwa hiyo behewa la inchi sita linahitaji kama gramu 113. Behewa bapa la plastiki mara nyingi halifiki hapo. Toboa kipande cha mbao kwa chini, gundisha nati za chuma ndani ya tundu, na kontena litalituliza behewa kwenye kona. Ukitumia nati zinazonaswa na sumaku, utaweza pia kulinyanyua kontena kwa sumaku ndogo kila treni inapofika bandarini.