Kwa nini umeme wa Pikachu unamuumiza Onix kwenye katuni tu

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini Pikachu, kiumbe mdogo wa umeme, anamlemea Onix, nyoka mkubwa wa mawe, kwenye katuni ya Pokémon, ilhali mdogo wako anayecheza gemu yenyewe hapo Sinza anaona umeme haufanyi kitu. Nyote wawili mko sahihi.

Katika gemu ya mwaka 1996, Onix ni wa jamii ya mwamba na ardhi, na kanuni haina msamaha: shambulio la umeme halimdhuru hata kidogo mnyama wa jamii ya ardhi. Katuni, iliyoanza mwaka 1997, ilihitaji kisa kuliko kanuni, hivyo moto unazuka ukumbini, mabomba ya kuzimia moto yanamwaga maji, Onix analowa chapachapa na umeme unapenya. Kisha Ash, kijana mwenye Pikachu huyo, anasitisha pambano kwa kuwahurumia wadogo zake Brock, mpinzani wake mwenye Onix, na beji ya ushindi anakuja kupewa baadaye. Kwenye gemu hakuna beji ya huruma (mdogo wako ni shahidi).

Tofauti kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni mhusika mkuu. Wa kwenye gemu hazungumzi, jina unampa wewe, na unamchagulia kiumbe wa kuanzia naye kati ya Bulbasaur, Charmander na Squirtle, ilhali Ash alichelewa kuamka akaambulia Pikachu mkaidi. Mchezaji humaliza akiwa bingwa; Ash alitolewa kabla ya fainali katika ligi yake ya kwanza. Mwaka 1998 gemu nayo ikaiga katuni, kwani toleo la Yellow lilimpa mchezaji Pikachu anayemfuata nyuma na kukataa kuingia kwenye tufe lake la kubebewa.