Jibu: Mapezi ya mawimbi kwenye rejeta ya jenereta
Mkuu, umeuliza kama kubadili mapezi bapa ya rejeta (vile vibati vyembamba vinavyopitisha joto la maji ya injini kwenda hewani) na kuweka ya mawimbi kutaizuia jenereta kuchemka. Yanasaidia, maana kikwazo kikubwa cha joto kutoka kiko upande wa hewa, si wa maji: kila mkunjo huvuruga ule utando wa hewa moto unaogandia bati. Lakini hewa nayo hupita kwa shida. Ukiyabananisha mno, feni ileile itapitisha hewa kidogo na faida itapotea, tena vumbi lenye mafuta hunasa mikunjoni.

Kwanza osha rejeta hiyo uliyonayo, injini ikiwa imepoa, kwa maji ya presha ndogo, kinyume na hewa inavyopita. Kama feni yako inasukuma hewa nje, elekeza maji ukitokea nje. Presha kubwa italaza mapezi, tafadhali usithubutu.