Kwa anayeanza kusoma Theosofia hapa visiwani

Ukishasikiliza mihadhara michache ya Theosofia, yaani mafundisho ya Chama cha Theosofia juu ya asili ya ulimwengu na ya mtu, utahisi umeshaelewa. Mhadhiri hodari huanza na asili ya ulimwengu, akapita kwenye karma, yaani kanuni ya matendo na malipo yake, akakuonjesha habari za mwili na roho, na kabla ya saa moja kwisha kila kitu kimekaa mahali pake. Kesho yake rafiki akikuuliza umejifunza nini, unabaki na maneno mawili matatu na furaha isiyo na maelezo. Nimewaona wengi wakiishia hapo, watu wenye akili na hamu ya kweli. Ndiyo maana nakuandikia wewe unayeanza sasa, uwe Mji Mkongwe, Ng'ambo au Wete.

Sisi tuliolelewa visiwani tuna jambo la kututangulizia. Tumekua na darsa. Kitabu kimoja, mwalimu mmoja, tangu bismillahi mpaka ukurasa wa mwisho. Mwanafunzi anasoma, mwalimu anafasiri, aliyekosea anarudishwa nyuma mbele ya wenzake na hapana anayeona haya. Sheikh Abdallah Bakathir, aliyefariki mwaka 1925, aliwasomesha watu kwa mwendo huo hapa Unguja, na mpaka leo Ukutani panatajwa kwa jina lake. Hapakuwa na mtu aliyehesabiwa kuwa mwanachuoni kwa sababu tu amehudhuria hotuba nyingi za Ijumaa. Theosofia nayo isome hivyo hivyo. Mhadhara wa hadhara ukuvute, lakini elimu yenyewe itafute darsani.

Kwa ufupi, ili tuwe pamoja: Chama cha Theosofia kiliundwa New York mwaka 1875. Waanzilishi wanaotajwa zaidi ni Helena Blavatsky, mwanamke mzaliwa wa dola ya Urusi, Kanali Henry Olcott wa Marekani, na William Judge, mwanasheria kijana. Mwaka 1879 Blavatsky na Olcott walihamia India, na tangu 1882 makao makuu yapo Adyar, katika jiji linaloitwa Chennai siku hizi. Malengo ya chama ni matatu: udugu wa wanadamu wote bila kubagua rangi, dini, jinsia wala tabaka, kusoma dini, falsafa na sayansi kwa kuzilinganisha, na kuchunguza kanuni za maumbile ambazo hazijaelezwa na nguvu zilizojificha ndani ya mtu. Mwanachama halazimishwi kuamini fundisho lolote. Hilo lishike vizuri, maana utalihitaji nyumbani watakapokuuliza kama umebadili dini.

Sasa kitabu. Karibu kila mgeni anakuja na The Secret Doctrine mkononi, au kwenye simu, kwa sababu ndicho anachosikia kikitajwa. Kimetoka mwaka 1888, majuzuu mawili makubwa, kurasa zaidi ya elfu moja na mia nne. Usianze nacho. Anza na The Key to Theosophy cha mwaka 1889, alichokiandika Blavatsky huyo huyo kwa mtindo wa maswali na majibu. Anayeuliza ni mtu mwenye shaka, na mara nyingi anauliza lile ambalo na wewe ungeuliza: Je, hii ni dini? Mnaamini Mungu? Mnasali? Baada ya kufa mtu anakwenda wapi? Kisome sura kwa sura na wenzio, mmoja akisoma swali na mwingine jibu. Sisi katika kikao chetu hatuvuki sura mpaka kila mmoja ameieleza kwa Kiswahili chake, bila kutazama kitabu. Kazi hiyo ni nzito kuliko inavyosikika. Mtu anaweza kuitikia kwa kichwa ukurasa mzima wa Kiingereza, lakini mwambie aueleze kwa lugha anayoongea na mama yake, ndipo atakapojua pale ambapo hakuelewa.

Ukifika kwenye The Secret Doctrine, utakikuta kimejengwa kwa namna unayoijua tangu chuoni. Kuna matini, yaani beti fupi ziitwazo Stanza za Dzyan, halafu kuna sharhi ndefu ya Blavatsky juu ya kila ubeti, na baada ya sharhi zinakuja sehemu za alama za kale na za mabishano na wanasayansi wa wakati wake. Msomaji asiyezoea matini na sharhi hupotea mapema, kwa kuwa anatafuta hadithi inayosonga mbele. Wewe usipotee. Soma ubeti, tua, ingia kwenye sharhi, rudi kwenye ubeti. Na kabla ya yote soma utangulizi wake, hasa pale anapoweka misingi mitatu: kwamba kuna Asili moja isiyo na mpaka ambayo akili haiwezi kuieleza, kwamba ulimwengu huja na kuondoka kwa mizunguko isiyokoma, kama kupwa na kujaa, na kwamba kila nafsi ina asili moja na Nafsi Kuu, nayo hupita safari ndefu ya kuzaliwa na kuzaliwa tena. Anayeifahamu misingi hiyo mitatu ana pa kushika kurasa zinapokuwa nzito.

Hizo beti zinasemwa kuwa zimetoka katika kitabu cha kale ambacho wataalamu wa nje hawajapata kukiona. Usilifiche hilo, wala usilifanye sababu ya kukitupa kitabu. Liandike tu kwenye daftari lako.

Na daftari hilo nalitilia mkazo kuliko kitu kingine chochote. Gawa kila ukurasa sehemu tatu. Ya kwanza, maneno yaliyomo katika kitabu, pamoja na jina la kitabu na ukurasa. Ya pili, maneno ambayo mhadhiri ameyasema kwa ujuzi wake au kwa kile anachosema amekiona mwenyewe. Ya tatu, yale anayoyarudia tu kwa kuwa kila mtu huyarudia. Mwanzoni sehemu ya tatu ndiyo itakayojaa haraka kuliko zote, na utashangaa. Mhadhiri akisema "wahenga wa Mashariki wanafundisha hivi", uliza kwa adabu: wahenga gani, kitabu gani, mwaka gani? Mwalimu wa kweli hupenda swali hilo. Akikasirika, umeshajua jambo moja muhimu kumhusu.

Naulizia mwaka kwa sababu mafundisho yenyewe yamebadilika. Katika Isis Unveiled cha mwaka 1877, Blavatsky anaandika kana kwamba kuzaliwa tena duniani ni jambo la nadra. Katika vitabu vya baadaye ni kanuni ya kila mtu. Wafuasi wake wamelieleza hilo kwa njia mbalimbali, na ni vyema uyasikie maelezo yao, lakini kwanza ujue kwamba lipo. Vivyo hivyo na habari ya sehemu saba za mtu, yaani fundisho kwamba mtu ni sehemu saba, kuanzia mwili wa nyama mpaka roho. Blavatsky anaposema mwili wa nyota (astral body), mara nyingi anakusudia kivuli chepesi ambacho mwili huu wa nyama umefinyangwa juu yake. Annie Besant, aliyekuwa rais wa chama tangu 1907 hadi alipofariki 1933, na mwenzake Charles Leadbeater, kivuli hicho walikipa jina jingine, na jina la mwili wa nyota wakaliweka kwenye mwili wa matamanio. Ukichanganya mihadhara miwili, mmoja wa kizazi cha kwanza na mwingine wa kizazi cha pili, bila kujua hilo, utachora mchoro wa mtu ambao hapana mwalimu hata mmoja aliyeufundisha. Mabishano mengi niliyoyasikia vikaoni yalikuwa na mzizi huo tu.

Kuna haraka nyingine, na hii ni yetu hasa. Aliyesoma kidogo tasawwuf, elimu ya Masufi, akisikia habari ya sehemu saba za mtu, papo hapo anazilinganisha: hii ni nafsi, hii ni roho, hii ni siri. Kulinganisha ni halali, tena ndilo lengo la pili la chama. Ila kulinganisha kunahitaji kujua pande zote mbili. Imam Ghazali anapozungumzia moyo na nafsi katika kitabu chake Ihya, anamzungumzia mja mbele ya Mola wake, atakayesimama siku ya hesabu. Blavatsky anazungumzia kanuni za maumbile zinazojifunua maisha baada ya maisha. Yapo wanayokutana, hasa juu ya kuivunja nafsi inayojipenda, na hapo pana utajiri mkubwa wa kusoma. Yapo pia wanayoachana kabisa. Katika The Key to Theosophy Blavatsky anakataa waziwazi Mungu mwenye nafsi anayesikia dua na kuzijibu. Muislamu au Mkristo anayesoma hapo asijidanganye kwamba ni tofauti ya maneno tu. Mimi nimebaki katika dini yangu na nasoma. Wenzangu Wahindu katika kikao wanayaona mengi ya karma kuwa ya nyumbani kwao, nao pia wana pale wanapopinga. Tukikaa pamoja kila mmoja anasema wazi anapokubali na anapokataa, na hilo limetufanya tuheshimiane zaidi kuliko kule kusema kwamba dini zote ni moja halafu kila mtu akaenda zake.

Usilifanye jambo hili kwa kujificha. Mwambie mzee wako, mwambie maalim wako kama unaye. Visiwa hivi ni vidogo, na kitu kinachosomwa kwa siri hupewa jina baya kabla hakijajulikana.

Nije kwenye jambo linalonisumbua zaidi. Lengo lile la tatu, la nguvu zilizojificha, ndilo linalowaleta wengi. Kwetu, na Pemba hasa, watu wamezoea habari za waganga, ramli na majini, na akisikia "elimu ya siri" mtu hudhani amepata mlango mwingine wa mambo yale yale. Kuna aliyekuja akitaka kujua aliyemwibia. Mwingine alitaka kuona mambo ya mbali. Kwa hao namfungulia kila mmoja The Voice of the Silence, kijitabu cha mwaka 1889, kwenye mstari wake wa kwanza kabisa, ambapo mafundisho yanasemwa kuwa ni kwa ajili ya wasiojua hatari ya nguvu za chini za nafsi. Yaani kitabu kinaanza kwa onyo. Na kinachofuata ni habari ya huruma, ya kuacha raha yako kwa ajili ya wanaoteseka. Anayekuahidi kukufungua jicho la tatu kwa malipo, au daraja ya siri ukiongeza pesa, muepuke. Vitabu vya Blavatsky vinapatikana bure kwenye intaneti, na mihadhara mingi ya hadhara haina kiingilio.

Soma pia yale yanayowapinga Blavatsky na wenzake. Mwaka 1885 jumuiya ya Uingereza ya kuchunguza mambo ya kiroho ilichapisha ripoti ya Richard Hodgson iliyomwita Blavatsky mdanganyifu. Mwaka 1986 jarida la jumuiya hiyo hiyo lilichapisha uchambuzi wa Vernon Harrison uliosema kwamba Hodgson hakutenda haki katika ushahidi wake. Soma pande zote mbili kabla hujamtetea au kumlaani mtu. Soma habari ya Krishnamurti, aliyelelewa na viongozi wa chama wakimtarajia awe Mwalimu wa Ulimwengu, naye mwaka 1929 huko Ommen, Uholanzi, akaivunja jumuiya iliyoundwa kwa ajili yake, Besant mwenyewe akiwepo, akisema ukweli haufikiwi kwa kupitia jumuiya yoyote. Kikao chochote cha Theosofia kisichothubutu kulizungumza hilo, mimi nina wasiwasi nacho.

Na katika The Secret Doctrine utakutana na kurasa za mbari za wanadamu, mbari moja baada ya nyingine, zikipandishwa na kushushwa. Humo mna sentensi za karne ya 19 juu ya watu wengine ambazo mtu wa Unguja hawezi kuzipita kimya. Soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa mwaka 1873, miaka miwili tu kabla ya chama kuundwa. Zisome kwa sauti darsani, weka kando yake lengo la kwanza la udugu bila kubagua rangi, na mjadiliane mpaka mwisho. Mimi nasimama na lengo la kwanza, na nasema hivyo kila tunapofika hapo.

Yaliyobaki ni ya utaratibu. Mihadhara ya Adyar ya kwenye intaneti inayoanza saa kumi na mbili jioni kwa saa za India, kwetu ni saa tisa na nusu, karibu na alasiri. Sali kwanza, kisha ujiunge, maana utangulizi wa mhadhiri haukupiti na kitu kikubwa. Ya London ya saa moja jioni huangukia saa tatu usiku kwetu wakati wao wa kiangazi, na saa nne wakati wa baridi. Pakua sauti usiku ambapo bando ni rahisi, usikilize mara ya pili umeme ukiwepo au usipokuwepo. Andika swali lako kabla ya mhadhara, kwa Kiingereza chepesi, uwe nalo tayari. Swali la sentensi moja lenye ukurasa wa kitabu ndani yake hujibiwa. Hotuba ya dakika tano hupitiwa juu.

Tafuta wenzio wawili au watatu, msizidi sita kwa kuanzia. Magharibi mpaka isha panatosha sura moja fupi ya The Key to Theosophy, na sura ndefu igaweni mara mbili. Mkikimaliza, nendeni kwenye The Voice of the Silence, polepole, kurasa mbili kwa kikao. Baada ya hapo ndipo mfungue utangulizi wa The Secret Doctrine, na daftari la sehemu tatu liwe mezani.