Mnaoanza kuchora makanisa Dodoma, anzeni na kuhesabu watu

Wadogo zangu mliotoka chuo juzi mkapewa kazi ya kanisa huku Dodoma, ngoja niwaambie nilichojifunza kwa kuaibika. Kazi yangu ya kwanza nilienda kwenye kikao cha kamati ya ujenzi na picha kali za kwenye laptop, vioo mbele mwanzo mwisho, mnara mrefu, wazee wakashangilia, af mwenyekiti wa akina mama akauliza swali moja tu, "Mwanangu, watoto wa sande skuli watakaa wapi?" Sikuwa nimewaweka popote.

Siku hizi kabla sijachora mstari naenda ibadani Jumapili mbili tatu, moja iwe ya mavuno au Pasaka, nakaa nyuma nahesabu. Waliokaa, waliosimama mlangoni, walio nje kwenye turubai, na ile dakika ibada ya kwanza inatoka inagongana na ya pili mlangoni, hapo ndo unajua milango inatakiwa mingapi. Kwenye benchi kila mtu mpe nusu mita, benchi hadi benchi sentimita 90, ukijumlisha njia na madhabahu inakuja kama mita moja ya mraba kwa mtu, kwa hiyo watu 600 ni mita 600 za mraba. Na kwaya za huku hazisimami bana, zinacheza, zeze lipo, ngoma zipo, ukiwabana kwenye kajukwaa kama soda kwenye kreti hawatakusamehe.

Sasa kukua. Tangu serikali ianze kuhamia huku 2016 watu wanaongezeka, ushirika unaanza na turubai na viti vya kukodi, ukigeuka wana ibada mbili. Kwa hiyo paa libebwe na nguzo na mikanda ya zege, kuta za pembeni ziwe za kujazia tu, siku wakitaka kupanua wanabomoa ukuta wanasogea bila kugusa kenchi. Kama kuna ndoto ya roshani baadaye, mwambie mhandisi sasa hivi, nguzo na msingi viandaliwe leo, maana kurudi chini ya jengo kuongeza msingi ni kazi ngumu na ya gharama. Na udongo upimwe, chimbeni mashimo. Mi niliambiwa kiwanja ni kigumu, nikaenda Agosti nikakuta kweli kigumu, kumbe Agosti Dodoma kila udongo ni mgumu, mvua ilipokuja ule udongo mweusi wa mbuga ukavimba, kiangazi ukanywea, jamvi la zege likapasuka.

Jua na upepo ni mabosi wako pia. Pande ndefu ziangalie kaskazini na kusini, ukiweka vioo vikubwa magharibi ibada ya jioni watu wanakaa wamekunja uso. Kipupwe upepo unatoka mashariki na kusini mashariki na vumbi lake, mlango mkubwa usiuelekeze huko, weka madirisha ya juu hewa ya moto itoke. Wagogo walijenga tembe, zile nyumba zao za udongo, fupi zimeinama chini, hawakuwa wajinga.

Sauti ndo wengi tunafeli. Taili chini, plasta ukutani, bati juu bila dari, mchungaji akisema neno moja linarudi mara tatu, af kamati inanunua spika kubwa zaidi, yaani wanaongeza kelele juu ya mwangwi. Weka dari, ukuta wa nyuma uwe na kitu kinachomeza sauti, mbao zenye matundu au hata mapazia mazito. Dari inasaidia pia mvua ikipiga bati.

Mvua yenyewe ni milimita 550 hadi 600 hivi kwa mwaka, karibu yote Desemba hadi Aprili. Bati la mita 600 za mraba likipata milimita 550 ni lita 330,000, hata ukitoa zinazopotea bado ni maji mengi sana, kwa hiyo gata na sehemu ya tenki viwe kwenye mchoro, visije kubandikwa baadaye.

Kibali na matumizi ya kiwanja ulizia halmashauri mapema, kiwanja cha makazi hakigeuki cha ibada kwa maombi tu.

Mwisho hela ni sadaka, zinakuja kwa vipande, chora kwa awamu: msingi, nguzo, paa, watu waanze kusali humo hata kuta hazijaisha. Mnara uwe wa mwisho kabisa. Ule wa kwangu wa kwanza mpaka leo ni nondo nne zimechomoza juu ya zege, wanaoutumia ni kunguru.